Mapipa Matatu ya Dizeli Nyuma ya Banda la Kuku

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nipo Boko, natotolesha vifaranga. Nina mashine mbili za mayai na jenereta ya dizeli inayokunywa kama lita mbili kwa saa. Umeme ukikatika usiku nikakuta dumu tupu, nimekwisha. Nimepata mtu wa kuniuzia mapipa matatu ya lita 200. Nataka niyajaze yote kabla bei haijapanda, niyaweke nyuma ya banda. Mke wangu amegoma, anasema nitaunguza nyumba. Je, dizeli ni hatari kama petroli? Inakaa muda gani kabla haijaharibika? Halafu nina nusu pipa la mwaka jana lililobaki chini ya mwembe, naweza kulitumia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na ile mara ya pili nilikuwa namsoma shemeji kuliko wewe. Ana haki ya kugoma, ila adui anayemwogopa siye. Yeye anaogopa moto. Mimi nimekaa miaka kwenye matangi ya mafuta Kurasini, na nilipotoka huko nikawa nazunguka kwenye jenereta za watu. Mapipa ya dizeli niliyoona yameungua majumbani ni ya kuhesabu kwa vidole. Yaliyoharibiwa na maji sina hata hesabu yake.

Tuumalize moto kwanza ili shemeji apate usingizi. Kila mafuta yana joto lake ambalo yakilifikia hutoa mvuke wa kutosha kudaka cheche. Petroli iko hapo muda wote, maana hata ikiwa baridi kuliko barafu, nyuzi 40 chini ya sifuri, mvuke wake unawaka. Dizeli safi sharti ipate joto la nyuzi 52 na kuendelea. Dar mchana wa Februari tunalalamika kwa nyuzi 32 au 33, kwa hiyo dizeli iliyokaa kivulini iko mbali na hatari hiyo. Njiti ya kiberiti ukiitupa kwenye bakuli la dizeli iliyopoa, mara nyingi inazimika. Usijaribu, nakueleza tu. Lile lori lililopinduka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 na kuua watu zaidi ya 100 waliokuwa wakichota mafuta lilikuwa la petroli. Lingekuwa la dizeli, huenda tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Lakini usimpelekee shemeji habari hii nusunusu ukadai nimekupa ruhusa. Upole wa dizeli una masharti. Ukiimwaga kwenye tambara, tambara linakuwa utambi, na utambi hauhitaji dizeli yote ipate moto. Uzi mmoja ukishika, kazi imekwisha. Ukiimwaga juu ya ekzosi ya jenereta iliyotoka kufanya kazi kwa muda wa saa nne, haihitaji hata cheche, kwa sababu bomba lile linaweza kupita nyuzi 250, na joto hilo linatosha kuiwasha dizeli lenyewe. Ndiyo maana namwambia kila mtu: zima, subiri ipoe, ndipo ujaze. Najua mayai hayasubiri. Jaza tangi kabla hujaiwasha, siyo katikati.

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba iwe dizeli kweli. Unakumbuka neno "kuchakachua" lilivyokuwa midomoni mwa kila mtu miaka ile ya 2010? Lilitoka huku kwetu. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakawa wanayachanganya kwenye dizeli, mpaka mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kuziba mwanya. Mafuta ya taa yanatoa mvuke unaowaka kuanzia nyuzi 38 hivi, na pipa jeusi lililokaa juani Boko linafika hapo bila taabu. Petroli ndiyo mbaya zaidi, kwani hata kiasi kidogo tu ndani ya pipa la dizeli kinaushusha upole wote niliousifu. Kwa hiyo yule kijana anayekuja na madumu usiku, "mzee nina mzigo wa bei poa umetoka kwenye lori," mwambie asante. Hujui alichochanganya, na ukikutwa nayo utaeleza wewe.

Sasa mapipa matatu. Hapa ndipo ninapopingana nawe, na nitatumia hesabu zako mwenyewe.

Jenereta inakunywa lita mbili kwa saa. Tuchukue hali mbaya, mgao kama ule wa mwisho wa 2023 kuingia 2024, umeme unakatika saa 12 kwa siku. Hizo ni lita 24 kwa siku. Pipa moja halijazwi mpaka mdomoni, nitakwambia kwa nini, na lita chache za chini hazitumiki. Baki na lita 160 za kutumia. Siku sita na zaidi za mgao mkali, pipa moja. Ndani ya siku sita hutakosa siku moja ya kwenda sheli.

Tuchukue mwezi wa kawaida. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, hali si ile tena. Kukatika ni kwa nguzo, transfoma au matengenezo. Weka saa 20 kwa mwezi. Hizo ni lita 40. Pipa moja litakuchukua miezi minne. Mapipa matatu yatakuchukua mwaka mzima, na hapo la tatu utalifungua likiwa limezeeka. Kwenye ghala lenye baridi na ukavu, dizeli nzuri hukaa mwaka. Kwa joto letu la nyuzi 30 na unyevu wa pwani, mimi huhesabu miezi sita, na nikiona mtu kavuka hapo naomba kuiona kwanza kwenye chupa. Dizeli haiozi kama maziwa, kwamba leo nzima kesho mbovu. Inaingiana na hewa polepole, inakuwa nyeusi, inatengeneza gundi na takataka laini, na filta ya jenereta inaanza kuziba kila baada ya wiki mbili bila wewe kuelewa kwa nini.

Na hilo la bei. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na najua watu wanaokesha kuisubiri kama matokeo ya mtihani. Ikipanda shilingi 100 kwa lita, kwenye pipa zima umeokoa shilingi 20,000. Toa hapo nauli ya kirikuu, toa chai ya vijana wa kushusha. Na mwezi unaofuata inaweza kushuka, ukabaki na lita 600 za bei ya juu. Mwaka 2022 bei zilipopaa baada ya vita vya Ukraine nilimwona jamaa mmoja aliyejaza mapipa sita kwa hofu. Alichookoa kwenye bei alikipeleka kwa fundi wa pampu. Weka mafuta kwa ajili ya mayai yako. Biashara ya kubahatisha bei waachie wenye matangi. Ukianza kuwagawia majirani kwa pesa, hapo umeshafungua kituo cha mafuta bila leseni ya EWURA, na hilo ni kosa hata kama ni lita tano za jirani mwema.

Kwa hiyo chukua pipa moja. Ukisisitiza sana, mawili, kila moja na tarehe yake, la zamani liishe kwanza.

Turudi kwa adui mwenyewe. Nenda kesho alfajiri chini ya mwembe wako kabla jua halijachoma, uinamie lile pipa la mwaka jana. Naamini limesimama wima, kwa sababu kila mtu hulisimamisha wima. Utazame juu. Pipa lina ukingo unaozunguka kama wa sinia, na ndani ya sinia hiyo kuna vizibo viwili, kimoja kikubwa cha inchi mbili na kimoja kidogo. Kama juzi ilinyesha, maji yamesimama hapo, na vizibo vyote viwili viko chini ya maji pamoja na majani ya mwembe. Mvua moja ya nguvu ya Aprili inaacha lita tatu hivi juu ya pipa.

Sasa fikiri kitakachotokea. Mchana jua linapiga, dizeli na hewa iliyomo vinatanuka, pipa linavimba, umewahi kulisikia likitoa mlio "to!" saa saba mchana bila mtu kuligusa. Hewa inatafuta njia, inapenya kwenye nyuzi za kizibo. Jioni mvua inashuka, bati linapoa ghafla, kilichomo ndani kinasinyaa, pipa linavuta pumzi. Linavuta nini? Lile lililosimama juu ya kizibo. Kila siku pipa linapumua, na kila mvua linakunywa kidogo. Kizibo unakiona kimekaza, raba yake ipo, unaapa hakuna kilichoingia. Miezi mitatu baadaye unakuta lita mbili za maji chini, na unamlaumu mwenye sheli.

Watu hupenda kusema ni jasho, unyevu wa hewa ulioganda ndani ya bati. Jasho lipo, lakini linasingiziwa. Hewa yote inayojaza nusu pipa, hata ukiikamua unyevu wake wote, haikupi hata kijiko kimoja cha chai. Jasho litakupa maji ya kijiko kijiko kwa miezi. Mvua kupitia kizibo itakupa kwa lita. Ndiyo maana pipa likiwa chini ya paa umeshamaliza robo tatu ya tatizo kwa gharama ya mabati mawili.

Maji yakishaingia yanakwenda chini, kwa sababu dizeli ni nyepesi kuliko maji. Na yakikaa chini hayakai peke yake. Pale maji yanapokutana na dizeli, ukuta mwembamba kama karatasi, panaota vijidudu, bakteria na ukungu. Vinaishi ndani ya maji na vinakula dizeli. Joto letu wanalipenda. Baada ya muda utaona kitu kama ute mweusi, kama mlenda uliochacha, kinaning'inia. Ute huo ndio unaoziba filta, na uchafu wake una asidi inayotoboa bati la pipa kuanzia chini, kwa ndani, mahali usipopaona. Maji yenyewe yakifika kwenye nozeli za jenereta, zinakwaruzika na kupata kutu, kwa sababu pampu na nozeli za dizeli hulainishwa na dizeli hiyohiyo. Hazina oili nyingine.

Umenielewa sasa kwa nini nikasema adui ni maji. Namna ya kuweka pipa yote inatokana na hapo.

Pipa lenyewe kwanza. Muulize huyo anayekuuzia lilikuwa na nini, na usiridhike na "safi tu mzee." Bora ni lililokuwa na oili ya injini au haidroliki. Lililokuwa na petroli, thina au gundi, usilichukue hata bure. Kuna jambo hapo wengi hawalijui: ukimimina dizeli kwenye pipa lenye mvuke wa petroli uliobaki, ule mmiminiko unatengeneza umeme tuli, na mvuke uliokuwa mzito mno kuwaka unapungua mpaka unafika kiwango cha kulipuka. Ni hatari kuliko petroli iliyojaa pomoni. Kwa sababu hiyohiyo usimpelekee fundi wa kuchomelea pipa tupu akukatie mfuniko au akuzibie tundu. Pipa tupu ndilo bomu. Lililojaa lina hewa kidogo. Mafundi wa kule Gerezani wazoefu wanalijua hili, wa mtaani kwako labda hajui, na ukishamsikia anasema "nimelimwagia maji, limeoshwa," ondoka na pipa lako.

Usitumie pipa au tangi lililopakwa zinki, lile la kung'aa kama bati jipya la nyumba, wala mabomba ya shaba. Dizeli inachukua zinki kidogo kidogo na kutengeneza kitu kama sabuni kinachoganda kwenye nozeli. Simtanki la maji pia hapana. Najua lipo, limekaa tupu, ni kubwa, lina kishawishi. Halikutengenezwa kwa mafuta; plastiki yake inalainika, na ile koki itaanza kudondosha siku usiyopo.

Mahali. Nyuma ya banda siyo pabaya, ila jiulize maswali mawili. Banda lako lina jiko la mkaa la kuwapa vifaranga joto? Pumba za kulalia ziko wapi? Kama pipa litakaa ukuta mmoja na pumba kavu na mkaa, shemeji ameshinda kesi. Lisogeze hatua kumi na zaidi kutoka moto wowote, mbali na dirisha la kulala, na mbali na jenereta yenyewe. Watu hupenda pipa likae pembeni ya jenereta ili mpira uwe mfupi. Mpira mfupi na ekzosi ya moto havitakiwi kukaa chumba kimoja.

Swali la pili ni maji ya chini na ya juu. Boko naifahamu. Masika yakikolea kuna viwanja vinageuka bwawa. Sasa jambo ambalo halikuingii akilini mpaka ulione: pipa lililojaa dizeli linaelea. Lita 200 za dizeli zina uzito wa kilo 170 hivi, ongeza bati kilo 20. Maji linayoyasukuma yanazidi kilo 200. Mafuriko yakija kiunoni, pipa litanyanyuka, litajigonga, litafunguka kizibo, na dizeli itaenea juu ya maji mpaka kwa jirani na mpaka kwenye kisima. Na wewe nadhani una kisima, Boko nzima mna visima. Dizeli kidogo tu ikipenya kwenye mchanga ule utaisikia kwenye maji kwa muda mrefu, na hakuna kuchemsha kutakakoitoa. Kwa hiyo jengea kijukwaa cha tofali sehemu ya juu ya kiwanja, na pipa ulifunge kwa mnyororo.

Kijukwaa hicho kizungushie ukuta mfupi wa tofali na zege uliopigwa plasta, kama karo. Karo libebe zaidi ya pipa zima, lita 220 kwa pipa la lita 200. Mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kimo sentimeta 20, inatosha na inabaki nafasi, kwani inabeba lita 450. Usiweke tundu la kutolea maji, maana siku pipa likipasuka tundu hilo litakuwa mlango. Juu piga paa lenye mabati yaliyotokeza pande zote, pembeni acha wazi hewa ipite. Usiweke chumba kilichofungwa.

Usililete pipa likiwa limejaa. Kilo 190 zimevunja vidole vingi vya miguu kwenye kirikuu, na mimi mwenyewe ukucha mmoja ulikwenda hivyo. Weka pipa tupu mahali pake, kisha jaza kwa madumu ya lita 20, madumu ya mafuta yenye mfuniko mzuri, siyo yaliyokuwa na mafuta ya kula. Tisa yanatosha. Tisa mara 20 ni 180, pipa linabaki na nafasi juu. Nafasi hiyo ni ya kutanukia, kwa kuwa dizeli ikipanda joto nyuzi 20, lita 200 huongezeka kwa lita tatu na kitu. Pipa lililojazwa hadi mdomoni alfajiri litalia machozi mchana. Mimina kupitia faneli yenye kichujio cha waya mwembamba, na andika tarehe ubavuni kwa maka nene. Kila pipa nisilolijua tarehe yake nalihesabu bovu.

Chini ya ukingo mmoja wa pipa weka kipande cha ubao unene wa vidole viwili, liiname kidogo. Maji na uchafu vitakimbilia upande wa chini. Wewe unavuta mbali na upande huo. Vizibo viwe kimoja kushoto na kimoja kulia kwa mwinamo, hivi kwamba hata paa likivuja, maji yatakusanyika kwenye ukingo bila kuvifikia. Ukitaka kulilaza, vizibo vikae saa tatu na saa tisa kama mishale ya saa ya ukutani, viwe chini ya kina cha dizeli. Kizibo kilicholowa dizeli kwa ndani hakivuti hewa wala maji. Ila likilala utahitaji koki nzuri, na koki za mtaani ninazijua. Lisimamishe tu, kwa vile una paa.

Kuitoa, nunua pampu ya mkono ya kuzungusha inayofungwa kwenye kizibo kikubwa. Bomba lake likate liishie vidole vinne juu ya sakafu ya pipa. Utaumia moyo kuacha lita kadhaa chini. Ndizo zile nilizokukata kwenye hesabu. Unapopampu legeza kile kizibo kidogo ili hewa iingie, la sivyo pipa litabonyea kama kopo la soda. Ukimaliza kaza.

Na kwa jina la Mungu, usinyonye kwa mpira. Nimekwambia mambo mengi ya bati na filta, hili ni la mapafu. Dizeli ikiingia tumboni kidogo unatapika na kuumwa. Ikiteleza kwenye mapafu, hata kijiko kimoja, inaweza kukulaza hospitali au kukuua. Aliyeimeza usimtapishe, wala usimpe maziwa kama wanavyosema mtaani, mkimbize hospitali. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke dizeli kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa dakika tano. Mtoto haulizi.

Weka mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu mahali unapopafikia bila kupita kwenye pipa, na ndoo mbili za mchanga mkavu. Maji hayazimi dizeli, yanaibeba ikiwaka. Moto ukikuzidi, toa watu, piga 114 kwa Zimamoto, mayai yaache.

Kuhusu dawa. Madukani ziko za aina mbili, ya kuifanya dizeli isizeeke haraka na ya kuua vijidudu. Kwa pipa moja linaloisha ndani ya miezi minne au mitano na lililo chini ya paa, huhitaji hata moja. Ya vijidudu ni sumu ya kweli, inataka glavu na kipimo cha kwenye lebo, na ikiua ute haiuondoi. Unabaki na maiti chini ya pipa, nazo huziba filta vilevile. Usikubali ushauri wa kuongeza oili chafu "iwe na mafuta zaidi." Hiyo ni sumu nyingine kwa nozeli.

Sasa nusu pipa la chini ya mwembe. Usilitikise, usilisogeze. Chukua mpira mwembamba wa kuona ndani, ule wa mafundi bomba wa kupimia usawa, na chupa ya kioo nyeupe. Futa maji yote juu ya pipa kwa tambara ndipo ufungue, maana wengi huyamwaga ndani wenyewe wakati wa kufungua. Shusha mpira mpaka uguse chini huku umeziba ncha ya juu kwa kidole gumba. Ukigusa, achia kidole, subiri, ziba tena, vuta. Umepata sampuli ya sakafu bila kunyonya. Mimina kwenye chupa, rudia mara tatu au nne, iache nusu saa, kisha inyanyue kuelekea mwanga wa jua.

Ukiona ni ya njano ya kahawia, angavu, herufi za gazeti zinasomeka upande wa pili, umebahatika. Iache itulie siku nzima, vuta ya juu, ichuje, ichanganye nusu kwa nusu na mpya na uitumie wiki hii, na uwe na filta ya akiba mkononi. Ukiona mstari chini, sehemu ya chini ni maji na juu ni safi, toa maji kwanza kwa mpira huohuo mpaka yaishe, halafu fanya hivyohivyo. Ikiwa imepauka kama maji ya mchele, maji yameshachanganyika. Ipe siku mbili tatu, ikikataa kuangaza usiipeleke kwenye jenereta. Na ukiona ule mlenda mweusi, au inanuka kama varnishi iliyochacha, basi hiyo si mafuta tena. Usiimwage kwenye mtaro wala shimoni. Ipeleke gereji kubwa inayokusanya oili chafu, waichukue pamoja na yao, na pipa lenyewe usilitumie tena, kwa sababu mbegu za ute zimebaki kwenye kutu.

Kwa mwaka mzima chini ya mwembe, na masika na vuli zote zimepita juu yake, natarajia ile ya mstari au ya mlenda. Mwite shemeji mkaitazame wote wawili ikiwa kwenye chupa, kisha uniandikie mlichokiona na kipimo cha maji kutoka chini, vidole vingapi, nikwambie kama pipa hilo linafaa kusafishwa au ni la kuuza chuma chakavu.